Shimo la Tano

Choo kimejaa tena.
Nimesimama na sururu begani tangu alfajiri
natafuta mahali pa kuipiga.

Kiwanja chetu nakijua kama ulimi unavyojua kinywa,
jino lililopo na pengo lililobaki.
Shimo la kwanza alichimba baba, mwaka wa turubai jipya,
afisa alipopima kwa hatua zake
akasema: familia moja, watu watano,
ni kwa muda tu.
Juu yake sasa pana mgomba. Unazaa vizuri,
hatuulizani kwa nini.

La pili liko chini ya jiko la mama.
La tatu, hapo analala kaka Asukulu na mkewe na mapacha.
Sakafu hubonyea kila masika
nao huiongezea udongo, kimya kimya,
kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakija.
La nne ndilo hili, limefika shingoni.

Tulikuwa watano. Leo nimehesabu kumi na tisa,
na Etabo hayumo, yuko bombani
tangu saa tisa za usiku.
Foleni ya madumu inafika kona ya shule.
Wajanja huacha jiwe badala ya dumu,
na jiwe lina jina, na jina linaheshimiwa
mpaka maji yaanze kutoka uzi.
Hapo jiwe huwa jiwe.

Nimemwendea jirani, Barampama wa Makamba.
Ukuta wetu ni mmoja: mtoto akipiga chafya huku,
kule wanaitikia, "Afya!"
"Nyuma ya nyumba nina hatua mbili," amesema,
"lakini hizo ndizo dirisha langu.
Nikikupa, nitatazama nini?"
Tumecheka. Nimerudi na sururu yangu.

Imebaki pembe moja,
kati ya mlango na kamba ya kuanikia.
Nilipoielekea, mama katoka jikoni akifuta mikono.
"Hapo," amesema, "nilizika kitovu chako."

Kitovu cha mtu kilipozikwa ndiko kwao,
ndivyo tulivyofunzwa.
Lakini kadi yangu inasema Fizi,
ambako sijameza hata vumbi lake,
na karani wa Kasulu akinitazama
ni kama kondakta anayengoja niseme nashukia wapi.
Miaka ishirini na saba
mimi ni wa muda.

Mama kakalia ndoo iliyopinduliwa.
Hakusema nisipige.
Amesema, "Piga taratibu."

Udongo mwekundu, mgumu juu, laini chini.
Futi ya pili, kimetoka kigae cha chungu.
Mama amekipokea kwa mikono miwili,
amekipangusa kwa upindo wa kitenge,
amekichomeka kwenye nyasi za paa, kando ya mswaki wa baba.
"Endelea," amesema. "Watoto wamejibana tangu jana."

Nimeendelea.
Nilipoinua kichwa kufuta jasho
nilimwona mke wa Asukulu, mimba ya miezi minane,
mkono mmoja kiunoni,
akizunguka kiwanja polepole, mguu mbele ya mguu,
akisimama, akitazama chini,
akipima.