Hata Hivyo

Wiki ile chaki zilikuwa zimekwisha,
nikaja na mkasi wa cherehani wa mke wangu.
Nilikata habari nne vipande vipande,
nikazichanganya kama kande,
darasa la sita, Kiborloni, madawati thelathini, watoto themanini na watatu,
na mlima nyuma ya dirisha umejifunika, hautaki kuulizwa.

Nikasema: sitaki mniambie habari inasema nini.
Niambieni imejengwaje.
Wakanitazama kama fundi aliyesahau futi.

Kundi la Elinami lilipata kahawa.
Wakavuna kwanza, wakakausha,
ndipo wakachimba mashimo, wakapanda miche.
Darasa likacheka. Elinami hakucheka:
"Mwalimu, kwa babu ndivyo ilivyo. Mimi nimeikuta inavunwa."
Nikakosa jibu la haraka.
Nikamwonyesha "baada ya hapo", imelala katikati ya kipande
kama jiwe la kuvukia mfereji:
mguu mmoja uko huku. Mwingine umetoka wapi?
Akahamisha vipande. Polepole, bila kukubali.

Nakijwa wa dirishani, mtoto wa muuza ndizi,
ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono,
alishika kipande kimoja akakataa kukiweka juu.
Wenzake walikitaka kiwe cha kwanza; kina maneno mazuri.
Akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji:
"Hiki kinaanza na 'hata hivyo'.
'Hata hivyo' haibishi hodi nyumba tupu.
Kuna mtu kasema kitu kabla, ndiyo huyu anambishia."

Miaka kumi na tisa nafundisha.
Nilikuwa na ufafanuzi kutoka kwenye mwongozo, mistari sita.
Niliukunja, nikautia mfukoni.

Toka hapo tukawinda maneno madogo.
"Kwa sababu", "kwa hiyo": mvua na matope.
"Ilhali", "tofauti na": mshare na mzuzu,
moja ya mtori, nyingine ya kukaanga.
"Tatizo ni": soma mbele, kuna mtu anataka kukuuzia dawa.
Anaeli alikuta maelezo matupu, hayana kwanza wala mwisho,
yanazunguka tu mzinga wa nyuki,
akauliza kama hiyo nayo ni mifupa.
Nikasema ndiyo. Sina hakika hadi leo.

Jumatatu Nakijwa alichelewa.
Mama yake, mezani pake soko la Mbuyuni,
alikuwa ameletewa karatasi ya mkopo, kurasa mbili, herufi za sisimizi,
na kijana mwenye tai, kalamu tayari imefunuliwa.
Ukurasa wa kwanza ulikuwa asali.
Mtoto akaweka kidole, akateremka, akateremka,
hasomi neno kwa neno, anatafuta viungo,
mpaka chini kabisa: "isipokuwa".
Halafu "endapo".
Halafu, mstari uleule, "basi".
"Mama, mlango uko hapa.
Endapo wiki mbili zitapita bila rejesho,
basi mizani na meza si vyako."

Kijana akasema ni lugha ya kawaida tu.

Ningependa kuandika kwamba mama alikataa.
Alisaini. Ada ya kaka yake Nakijwa ilikuwa Ijumaa.
Hata hivyo kwanza alimrudishia kijana kalamu:
andika wiki nne, na jina lako pembeni.
Akaandika. Kwa mwandiko mbaya, lakini akaandika.

Haya yote nilisimuliwa mlangoni pa darasa,
viatu vimejaa vumbi, kamasi kidogo,
kwanza hili, kisha lile, ndipo lile jingine,
hakuna kipande kilichokaa pasipo pake.
Nikafungua daftari la mahudhurio
nikamwandika "amechelewa",
kwa sababu alichelewa.