Ufunguo Mmoja

Gereji yangu iko uani, North End, Winnipeg.
Januari, kipimajoto kinasoma thelathini chini ya sifuri
na mlango wa chuma umeng'ang'ania barafu kama kupe.
Humo nimefuga mashine tatu za volti mia mbili na arobaini:
msumeno wa meza, niliouziwa na mjane wa seremala huko Selkirk,
kompresa yenye kikohozi,
na mashine ya kuchomelea, nyekundu, nzito kama deni.
Juu yao, hita. Hita nayo inakula.

Zote nilizilisha kwa mdomo mmoja:
kebo ya rangi ya chungwa kutoka soketi ya mashine ya kukaushia nguo,
ikitokea dirishani, ikilala juu ya theluji.
Ndivyo nilivyomwona mjomba Semboja, kule Muheza,
akimenya waya kwa meno,
akiufunga kwa karatasi ya sigara,
akisema umeme ni mbwa, ukimwogopa ndiyo anauma.
Mjomba aliumwa mara mbili.
Ya tatu hakusimulia.

Alhamisi usiku nilikuwa napasua mwaloni.
Kompresa ikaamka yenyewe kujaza tangi, hita ikavuta,
taa ikasinyaa, manjano, kama jicho la mgonjwa.
Breka haikukata.
Wakati ule nilishukuru; hofu ilinijia baadaye.
Kisha harufu. Si ya mbao, si ya mafuta:
samaki aliyesahauliwa juani.
Nikaishika kebo, nikaiachia.
Ilichemka kama paji la mtoto mwenye malaria.

Mwanahawa alisimama mlangoni na koti lake la zamu ya usiku.
Akaifuata kebo kwa macho, kwenye theluji, hadi dirishani.
"Watoto wamelala pale inapoanzia," akasema.
Hakuongeza neno.

Jumatatu akaja Bi Oksana Hrynchuk, tochi kichwani.
Akafungua sanduku la breka, akaguna.
Aliyeishi hapa kabla yetu
aliweka breka ya hamsini kwenye waya wa thelathini:
mlinzi aliyelipwa asinzie.
Alikagua mkono wa kushoto ukiwa mfukoni.
Nilidhani ni baridi.
"Mkono mmoja," akasema,
"ili umeme usipate njia ya kupitia moyoni."

Akaandika hesabu kwenye kipande changu cha plaiwudi:
msumeno kumi na tano, kompresa ishirini na mbili,
kuchomelea arobaini na nane, hita ishirini na moja.
Nikajumlisha mwenyewe. Ampea mia moja na sita.
Nyumba nzima, pamoja na jiko, imepewa mia.
Na waya, akanifunza, huhesabiwa kinyume:
namba kumi mwembamba, namba sita mnene,
kama ukoo ambao wakubwa hubeba na wadogo hutazama.
Kamba hukatikia pembamba, nikamwambia, nikamtafsiria.
Akacheka kidogo.
"Waya haukatiki," akasema. "Unawaka."

Ardhi ilikuwa jiwe. Kibali kikaja, mtaro ukangoja hadi Mei.
Miezi minne nilikata kwa msumeno wa mkono,
nikijifunza upya kifua changu kina ampea ngapi.

Sasa kebo imezikwa kina kinachopita goti.
Gereji ina sanduku lake, kila mashine soketi yake,
waya wa ardhi umeshika ardhi kwelikweli,
na mkaguzi wa jiji, mtu asiyetabasamu, ameacha stika yake.
Kompresa na mashine ya kuchomelea zina kufuli mbili
na ufunguo mmoja.
Ikiamka hii, ile imelala.
Mshika mawili, walisema wahenga; mimi nimejinyima la pili
kwa kipande cha shaba, dola kumi na moja.

Jana usiku nilikuwa nachomelea geti la jirani.
Mwanahawa akapita akitoka kazini,
hakunisalimu kwanza.
Akaweka kiganja juu ya kebo, pale inapopanda ukutani,
akakiacha hapo kitambo.
"Baridi," akasema,
akaenda kulala.