Chaki ya Buluu

Miaka ishirini na minane nilikuchora, Nyanza,
ubaoni, Mafinga, darasa la sita,
kwa chaki ya buluu niliyoificha mkebeni
wasije walimu wa hesabu wakaimaliza kwa pembetatu.
Nilianzia Bukoba, nikateremka, nikapinda Mwanza,
nikapanda hadi Musoma, nikafunga kamba.
Upana wa kiganja changu, basi.
Nikapangusa mikono, nikasema: "Nakilini."
Wakanakili.
Mimi mwenyewe sikuwahi kukuona.

Julai, kwetu, ukungu hulalia misonobari
na maji ya kunawa huuma kama siafu.
Nikashuka basini Mwanza na koti la sufu
na mji mzima ukalitazama koti.
Jua lilikuwa limekaa juu ya mawe
kama mwenye nyumba aliyerudi safari.

Mawe! Hayo sikuyachora hata siku moja.
Jiwe, juu yake jiwe, juu yake tena jiwe,
na huko juu kabisa nyumba ya mtu, kamba ya nguo,
shuka la maua likipiga makofi,
na mjusi, kichwa waridi, kiuno samawati,
akipiga pushapu mbele ya mlango
kama askari aliyesahauliwa gwarideni.

"Mwangaluka," akaniamkia muuza sambusa Makoroboi.
Nikababaika, nikamjibu "Shikamoo,"
naye ni rika la binti yangu wa mwisho.
Alicheka mpaka chujio likamponyoka.
Nikanunua tatu, kulipia kicheko,
nikala nikitembea, kosa nililowachapia watoto,
nikisoma miaka kwenye vipaji vya maduka ya kale,
tarakimu zimefifia kama za ubao wa jana,
jina la mwenye duka limebaki nusu,
roshani za mbao zimeinama
kusikiliza bei ya nyanya.
Na ile nyumba ya Mjerumani kilimani,
kuta nene, kuta za mtu aliyeogopa,
siku hizi kijana barazani
anachaji simu za wapita njia.

Nikateremka kivukoni.
Dirisha la tiketi likaita:
"Mwalimu Mdegela! Shikamoo."

Nikashusha miwani. Edina Kihwele.
Dawati la nyuma, chini ya kioo kilichovunjika.
"Mwalimu, unakumbuka ulinipa sifuri?
Ziwa langu lilitoka nje ya karatasi,
likamwagikia daftari la jirani.
Ukasema: Kihwele, ziwa lina mipaka."

Nilikumbuka. Hata wino nilikumbuka, mwekundu,
na jinsi alivyoifuta sifuri kwa mate.

Nyuma ya bega lake maji yalikuwa yanaendelea.
Yakampita mnandi anayeanika mbawa,
yakapita kisiwa, kisiwa kingine,
yakapita wingu la usubi lililosimama wima
kama moshi wa jiko lisilo na nyumba,
yakapita pale nilipozoea kuandika KASKAZINI,
yakaenda tu, hayana habari na mimi.
Kilomita za mraba elfu sitini na nane na ushei:
nilikuwa nikizitaja kama bei ya sukari.

Nauli alinitoza kamili, sawa na watu wote.
Hilo nalo nililifundisha.
Nikaomba kalamu. Nyuma ya tiketi nikaandika:
*Kihwele E., Jiografia, kumi kwa kumi.*
Nikampa aisome.
Akaisoma polepole, midomo ikitembea,
akatazama pembeni, akakohoa kidogo,
kisha akaitoboa kwa koleo lake, akanirudishia,
maana tiketi isiyo na tundu haipandi mtu.

Kivuko kikaguna, kikajing'oa ukingoni.
Nikavua koti, mwishowe, nikaliweka begani,
nikafumba jicho moja
nikakuchungulia kwenye lile tundu.

Hukuenea.

Tulipofika katikati nikajaribu tena.