Barua kwa Bi Shinuna wa Sur

Saa mbili na nusu asubuhi, Wadi Kabir,
joto limeshakaa kitini kabla yetu.
Bwana Yarub ananisomesha barua akiwa amesimama,
kwa Kiswahili cha Wete alichorithi kwa mamake,
maana hasira, anasema, kwa Kiarabu haimtoki sawasawa.
"Miezi mitatu! Riyali elfu moja mia mbili na sitini!
Mwambie duka hili si sanduku la sadaka.
Mwambie mahakama ipo."
Akaenda kunywa kahawa.

Nikaiandika kama alivyoisema.
Nikaisoma. Ilikuwa tamu.
Nikaichana vipande vinne.

Ya pili nikaanza na salamu:
hali yako, hali ya watoto, hali ya mji,
Mungu akuzidishie, akupanulie, akuhifadhi,
nikafika mstari wa kumi na moja
bado sijabisha hodi.
Mwenye hoteli ya vyumba arubaini
hana mchana wa kuzungukwa.
Nayo nikaichana.

Ndipo nikafanya la kufanywa mwanzo:
nikafungua kabati la chuma, nikatoa faili lake.
Nilitaka tarehe tu.
Ankara: viyoyozi sita.
Hati ya mapokezi: sahihi ya mlinzi wake,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi,
mkono wa Mahfudh dereva, tarakimu moja:
4.

Nikashuka ghalani.
Viwili vilikuwa nyuma ya mlango, ndani ya maboksi,
paka amezaa juu ya kimoja.

Bwana Yarub aliporudi sikusema neno.
Kidole tu, juu ya ile nne.
Akakuna ndevu.
"Mlango ule naupita kila siku," akasema.
Kisha, taratibu: "Andika wewe."

*Bi Shinuna, assalamu alaikum.
Tulikudai viyoyozi sita, tukakuletea vinne.
Kosa ni letu.
Viwili vinafika Jumatatu kabla ya adhuhuri, na fundi wake.
Kwa vinne ulivyonavyo, riyali mia nane na arubaini;
tunaomba utulipe kabla ya tarehe ishirini.
Ukiwa na neno, namba yangu iko chini. Nitapokea mwenyewe.*

Akaisoma mara mbili, kalamu mkononi,
ikatua kwenye mstari wa tatu.
"Hili lina haja gani?"
"Hapo," nikamwambia, "ndipo atakapoanza kusoma."
Akaiacha. Akatia sahihi, kubwa kuliko kawaida yake,
kama mtu anayefunga mlango kwa nguvu
asije akaurudia.

Jawabu lilikuja Jumatano, la mistari miwili:
*Vimefika, vinapoza. Fedha nimetuma zote, za sita.
Boksi moja nimekuta manyoya: paka hajambo?*

Bwana Yarub akacheka mpaka akakaa.
"Mjibu, mjibu upesi!"
Nikavuta karatasi, nikaandika jina lake,
nikasita.
Nikashuka ghalani kwanza,
kuhesabu watoto.