Kielelezo Namba Kumi na Saba

Nilipewa rula, chaki na filamu sita.
Inspekta Zegarra akasema: piga kwa mbali,
kisha kati, kisha karibu,
na usiguse kitu.
Kama vile kulibaki kitu cha kugusika.

Stendi ya mabasi, Huancavelica, saa mbili asubuhi,
baridi ya milimani inang'ata hata chuma cha kamera.
Gunia la viazi, walisema. Bomu ndani ya gunia la viazi.
Viazi vilikuwa juu ya paa, vilikuwa mtaroni,
kimoja kimekaa kwenye dirisha la tiketi,
kizima, na udongo wake,
kama abiria aliyewahi foleni.
Nikakipiga. Namba tatu.

Vibao vya namba vilinisaidia, sitaficha.
Kiatu kikishaitwa tisa si kiatu tena.
Mtoto akifumba macho hudhani haonekani;
mimi nilifumba moja,
nikafanya kazi hadi adhuhuri.

Usiku, chumba cha giza, taa nyekundu.
Picha huamka majini taratibu:
kwanza ukingo wa benchi, kisha vigae,
kisha yale ambayo asubuhi sikuyaona
kwa kuwa nilikuwa nikiyatazama.
Damu katika nyeusi na nyeupe haina tofauti na oili ya basi.
Ikanibidi niandike nyuma, kwa penseli:
hii damu.
hii oili.
Moja sikujua. Nikaacha wazi.

Jalada likafunguliwa, wakakamatwa wawili,
mmoja akaachiwa. Likafungwa.
Likafunguliwa tena, likavujiwa na mvua,
likasafirishwa hadi Lima ndani ya boksi la sabuni.
Picha ya hamsini na mbili ikatoweka njiani
na hakuna aliyeulizwa.

Miaka thelathini na moja baadaye wakaniita nije nithibitishe mwandiko wangu.
Mezani alikuwapo mwanamke, Saturnina Ccente,
vidole havitulii, vinafuma hewa.
Walishamwekea glasi ya maji na mtu wa kumfariji.
Alifunua kurasa kama anayechambua mchele,
haraka, bila chozi, akaukuta mwili wa baba yake, akaupita.
Akasimama kwenye kumi na saba.

Chini yake mkono wangu wa ujana uliandika:
*Kitambaa. Asili haijulikani.*

"Siyo kitambaa," alisema.
"Ni kofia. Haya hapa masikio yake.
Na hapa, safu ya nne, niliruka kitanzi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikataka kuifumua.
Baba akanizuia: iache hivyohivyo,
kwa kosa hilo nitaijua popote."

Yule wa kufariji akanywa maji yeye.

Sheria inakataza kugusa kielelezo.
Inspekta Zegarra, kama bado yu hai,
angenikumbusha.
Nikaomba penseli.
*Kofia ya mwanamume,* niliandika. *Sufu ya alpaka.*
Nikamwuliza rangi, maana picha yangu haikuijua.
Nyekundu, alisema, na kijani kidogo pembeni,
sufu nyekundu ilikuwa imekwisha.
*Nyekundu, na kijani kidogo pembeni.
Safu ya nne, kosa moja.*

Akaomba nakala. Karani akasema soli mbili.
Saturnina akamwaga sarafu mezani,
akazihesabu,
akazirudia tena kuanzia mwanzo.