Upana wa Reli

Reli ya kutoka kaskazini ni pana,
ya kutoka kusini nyembamba.
Tofauti yake sentimita nane na nusu:
upana wa kiganja changu, bila kidole gumba.
Katika kiganja hicho ndimo tunamoishi,
sisi washusha mizigo, wapandisha mizigo,
kituo cha mwisho cha Gobi, mchanga kwenye meno.

Saa ya chai Luvsandorj ndiye huanza.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha treni.
Injini alifundishwa kwa Kirusi,
na hata leo akijigonga nyundo
hutukana kwa Kirusi, kwa ufasaha.
"Mwogopeni wa kusini," asema.
"Yule mwingine alikuja na vifaru, tukamwona.
Huyu anakuja na vitunguu.
Nani amewahi kumtangazia kitunguu vita?
Siku akifunga lango tutatafuna nini, changarawe?"

"Zima taa," asema Gantumur, kijana wa kreni.
"Nini?"
"Izime, kisha gizani unieleze umeme ni wa nani.
Dizeli ya lori la baba ni ya nani.
Babu yake mama yangu alikuwa lama.
Mwaka wa thelathini na saba walimfuata usiku.
Waliomfunga kamba walisema Kimongolia kama mimi na wewe,
ila karatasi yenye jina lake
ilipigwa mhuri kwa herufi za wenzako."

Luvsandorj akakoroga chai yake.
Chai yetu ni ya chumvi. Haikorogwi.

Ndipo Tserendulam wa forodha,
ambaye huwa hasemi, hula tu na kuondoka,
akaifuta midomo yake kwa kidole.
"Jumanne nilihesabu malori ya makaa, mia mbili kamili.
Kitabuni yakaandikwa mia na arobaini.
Yale sitini yamekwenda nchi gani?
Aliyenishikisha kalamu hakuvuka mpaka wowote,
amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.
Kikulacho ki nguoni mwako."

"Si ndivyo ninavyosema!" Luvsandorj akaruka.
"Nguo zenyewe zimeshonwa kusini!"

Tukacheka, hata yeye Tserendulam,
lakini macho yake yalikuwa mlangoni,
akipima nani amesikia.

Mimi sikutia neno.
Nyumbani, kwenye jokofu,
nimebana fomu ya shule kwa sumaku yenye sura ya ngamia:
*Chagua lugha ya pili ya mtoto.*
Visanduku viwili, Kirusi, Kichina.
Siku tisa kalamu yangu inashuka kusini, inapanda kaskazini,
behewa tupu.
Jana nimekuta mwanangu amechora kwa rula kisanduku cha tatu:
*Kijapani. Kwa sababu ya katuni.*
Najua mwalimu ataniita.
Sijaifuta.

Honi. Mabehewa arubaini na mawili.
Vikombe vikaachwa vikifuka.
Gantumur akapanda ngazi bado akitafuna,
na mimi nikasimama mahali pangu,
kati ya reli mbili, fulana ya manjano,
mkono juu, kwani kazi yangu ni mkono.

Kontena likanyanyuka.
Kuna muda pale, dakika moja, pengine mbili,
halijafika kwa hawa, limekwisha kutoka kwa wale,
tani ishirini na sita zinaning'inia
na kivuli chake kimenifunika viatu.

Luvsandorj, ambaye hana tena kazi hapa
ila kunywa chai yetu na kutukumbusha,
akapaza sauti kutoka mlangoni:
"Oyunchimeg! Hukusema! Wewe unamwogopa nani?"

Upepo ulikuwa umeanza. Minyororo ikalia.
Huwezi kujibu swali ukiwa chini ya mzigo.
Nikakifungua kiganja ili Gantumur akione kule juu:
polepole.
Polepole.
Bado.