Inchi Mbili

Ambakisye alituambia siku ya kwanza,
mikono ameifumbata kwapani kwa baridi ya Juni:
"Sista, kuna msumari kichwani. Unanong'ona."
Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri:
Anasikia sauti. Ana imani potofu.
Nikampa vidonge viwili na kikombe cha uji.

Mama yake alikuja na basi la alfajiri kutoka Mafinga,
kitenge kinanuka utomvu wa mipaina.
"Alikuwa mpole," akasema, "mpaka mwezi wa pili."
Hakusema zaidi, hatukumuuliza zaidi.
Foleni ilikuwa ndefu, na ukungu wa Loleza
ulishaingia mpaka kwenye korido.

Wiki tatu.
Aliongea na chuma cha kitanda.
Alimzaba Mwasenga kofi, kisha akalia yeye.
Tukaongeza dozi.

Kilichotufumbua macho ni chawa.
Nilikuwa namnyoa, wembe unapita taratibu,
nikafika nyuma ya sikio la kushoto:
kovu, dogo kama punje ya ulezi, gumu.
Nikalibonyeza. Akasema bila hasira,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia,
"Hapo hapo. Ndipo unapokaa."

Saa tisa Sanga wa eksirei akainua picha kwenye taa,
akasahau kuishusha.
Fuvu jeupe, na ndani yake,
umelala ubavu, una kichwa na ncha,
msumari.

Ndipo tukauliza. Ndipo mama akakumbuka:
kiwandani, msumeno uligonga ubao wa zamani,
kitu kikaruka, mtoto akaanguka, akaamka,
damu kidogo, akafunga leso,
akanywa chai, akamalizia zamu.
Nani ahesabu tone moja
mahali ambapo vidole hukatika?

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakuwahi kufanya kazi ya mbao.

Sasa umo kwenye kichupa, una kutu.
Yeye bado anaongea na kitanda, ila kwa sauti ya chini,
na jana aliniuliza jina langu.
Daktari anasema tusubiri.

Nimerudi kwenye faili, ukurasa wa kwanza.
Sikufuta; faili halifutwi.
Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu:
Alisema kweli.
Kisha nikaenda kitanda cha saba,
kwa yule mwenye nyoka tumboni,
nikavuta kiti.
"Huyo nyoka," nikamwambia, "alianza lini?"